Bolti za Bwana Shamba

Mchana huu wa kiangazi Bariadi imelala. Kuku wamejichimbia kivulini, jirani kazima redio yake, na mimi nimejinyoosha kwenye mkeka hapa kibarazani nikijifanya napumzika. Sipumziki. Tangu nikabidhi funguo za stoo, kila nikifumba macho najikuta nimesimama palepale kati ya zile rafu mbili za mbao, jua limeingia kwa tundu la bati, vumbi linaelea ndani yake polepole, na makopo yangu yote yapo mahali pake. Vidole vinapapasa pindo la kitenge vikidhani ni nyuzi za bolti. Mume wangu ananiambia, "Mama, umestaafu." Namjibu kwamba mimi najua, vidole ndivyo havijapata taarifa.

Basi ninyi mliobaki karakana, mnaonipigia simu kila kukicha kuniuliza washa za shaba ziko kopo gani, leo nimeona niwaandikie. Ya vyeo siyaandiki. Nilipata kimoja tu, Mama Stoo, nacho nilipewa na mafundi. Nitaandika habari za bolti, nati, washa, pini, gasketi, klipu, msasa na grisi, vitu ambavyo mteja havioni gari lake likiisha. Na nitaandika habari za lile gari la Kasoli, maana najua mmelisikia kwa kuongezewa chumvi na Kulwa.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Nilidhani stoo ni mahali pa kukaa mezani. Mzee Luhende, aliyekuwa mtunza stoo kabla yangu na ambaye ujana wake wote aliumalizia katika jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, aliniangalia miguu, akaguna, akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Akachukua sahani ya bati iliyojaa bolti chafu, akanimwagia mapajani juu ya sketi yangu nyeupe. "Fumba macho," akasema. "Zitenge."

Mayu wane, mama yangu! Nilitaka kulia. Lakini nilifumba. Nikaanza kuzipapasa moja moja, na polepole, kama mtu anayezoea giza la chumba, nikaanza kuona kwa ncha za vidole. Nyingine nyuzi zake zilikuwa pana, nyingine zimebanana sana. Nyingine zilikuwa nene kiasi fulani hivi, na zile za pembeni zilikaribia unene huohuo bila kufanana nazo. Nilipofumbua macho, Mzee Luhende alikuwa ananywa chai. "Hizo ni koo mbili," akasema. "Ukoo wa milimita na ukoo wa inchi. Hawaoani hawa. Ukiwaozesha kwa nguvu watakuzalia uvujaji." Wakati ule nilicheka. Sikujua kwamba nitakula mkate wangu kwa maneno hayo miaka yote.

Tatizo letu, na mnalijua, ni kwamba huku tunaita bolti kwa jina la spana yake. Fundi anakuja dirishani, "Nipe kumi na tatu," basi. Sasa bolti ya zamani ya Kiingereza yenye kichwa cha nusu inchi inakubali spana ya kumi na tatu vizuri tu, inalegalega kidogo, nani anajali. Kwa hiyo fundi anaamini mkononi ana kumi na tatu. Anapewa bolti ya milimita yenye kichwa cha kumi na tatu, anaiingiza kwenye tundu la inchi, inaingia mizunguko miwili kwa adabu kabisa. Mzunguko wa tatu inagoma. Fundi anasema ni kutu, anaongeza bomba kwenye spana, anasukuma kwa uzito wake wote na wa ukoo wake.

Kulwa alifanya hivyo kwenye pampu ya maji ya trekta la zamani, alipokuwa bado mgeni kwetu na nywele zake zote kichwani. Tundu likaliwa uzi wote. Mzee Luhende hakumfokea. Alimwita stoo, akamkalisha kwenye kiti changu, akammwagia bolti mapajani. "Fumba macho." Kulwa alikaa pale mpaka chai ya mafundi ikapoa, na tangu siku ile hajawahi kuja dirishani kwangu akataja namba bila kutaja ukoo. Leo ndiye fundi mkuu, na mwenyewe anawamwagia wengine.

Ndiyo maana makopo yangu hayana karatasi. Karatasi huliwa na panya na maandishi hunywewa na oili. Kila kopo nilifunga kwa waya, nje yake, bolti moja ya aina iliyomo ndani. Mtu asiyejua kusoma ataipapasa, na fundi mwenye haraka ataijaribishia nati yake palepale. Makopo ya inchi rafu ya kushoto, ya milimita kulia. Tafadhalini msihamishe. Nimesikia kuna mtu ameleta vindoo vya plastiki vya rangi nzuri. Vindoo sawa, ila bolti ya mfano ifungeni nje.

Jambo la pili alilonifundisha ni pamba. Sisi tumezaliwa ndani ya pamba, msimu ukifika inaelea hewani mpaka kwenye mboga. Mafundi wetu walikuwa wakifutia kila kitu kwa pamba, kwa nini wasifutie, si iko bure? Siku moja likaja lori lililokufa injini likiwa na mzigo, na lilikuwa limetengenezwa kwetu si zamani. Tulipofungua sampo, lile karai la oili chini ya injini, chujio la oili lilikuwa limevaa blanketi. Nyuzinyuzi za pamba, laini, nyeupe, zimejisokota pale taratibu mpaka oili ikakosa njia. Mzee Luhende aliligeuza lile chujio mkononi, upande huu na upande ule. Kisha akatangaza kwamba kuanzia leo katika karakana hii pamba ni ya kuvaa. Tukaanza kununua vitambaa vya khanga na vitenge vilivyochakaa, tukivifua na kuvikata, na hadi leo akina mama wa mtaa wetu wanaleta. Nikimkuta fundi na pamba mfukoni nilikuwa namwita mkulima mbele za watu.

Mzee Luhende alituacha wakati wa palizi. Aliugua siku chache tu. Baada ya mazishi nilifungua stoo asubuhi kama kawaida, nikaona kikombe chake juu ya rafu, nikalia. Nililia sana, na kitambaa nilichofutia kilinuka grisi, nikazidi kulia.

Sasa niwafikishe Kasoli.

Alikuja Masanja, mtoto wa marehemu Maduhu, ambaye watu wazima wote wa huko wanamjua kwa jina la Bwana Shamba. Maduhu alizunguka vijiji miaka na miaka akifundisha watu nafasi ya kupanda pamba na namna ya kupiga dawa, na alizunguka na gari la Kiingereza la mraba, lenye bodi ya aluminiamu, ambalo rangi yake ilibanduka vipande vipande. Watu walilipa jina kama wanavyompa ng'ombe: Mabaka. Lilikuwa la serikali, likachoka, akauziwa yeye, akaliendesha mpaka likagoma. Kisha likasimama bandani kwake, na yeye akafariki.

Masanja ni mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa haraka, anaongea huku anaangalia simu. Alituambia wazi pale dirishani kwangu. Amepata mnunuzi wa chuma chakavu, na lori la mnunuzi litapita msimu wa soko la pamba ukifungwa. Lakini mama yake amekataa. "Bi mkubwa haoni," akasema, "macho yalifunga zamani. Gari hawezi hata kuliona. Lakini anasema nisiliuze mpaka alisikie likija nyumbani." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi nimempa ahadi. Likija nyumbani kwa miguu yake lenyewe kabla lori halijapita, linakaa. Likishindwa, linakwenda. Fanyeni mnaloweza."

Nilikwenda Kasoli na Kulwa kulileta. Mayu Holo, ndilo jina la mama yake Masanja, na mayu kwetu ni mama, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mweupe kwa mvi, anachambua michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa vidole. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akanishika mkono, akanipapasa kiganja. "Wewe unafanya kazi ya chuma," akasema. Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza kwa nini anataka kulisikia, kwa maana mimi sijui kunyamaza.

"Ng'wanone," akasema, mwanangu, "nimeolewa hapa sijui lini. Mume wangu aliondoka kila Jumatatu. Sikuwahi kujua atarudi saa ngapi, simu hazikuwepo. Lakini Mabaka likishuka kwenye korongo pale chini, nalisikia, najua nyumba imetimia. Siku aliyofia hospitali aliletwa na gari jingine. Sikusikia kitu. Nilishtukia tu watu wako uani." Akarudi kwenye michembe yake. "Safari ile sikumsikia akirudi, kwa hiyo naendelea kusikiliza. Inachosha."

Nikaenda kumwelekeza Kulwa arudishe lori letu nyuma hadi bandani.

Karakana, kabla fundi hajagusa spana, niliandaa. Hili ndilo nawasihi mlishike. Gari la zamani halishindwi kwa injini, linashindwa kwa vitu vya kiganjani. Fundi anafungua kwa furaha siku ya kwanza, na wakati wa kufunga anakuta nusu ya pini zimekatika na gasketi zimepasuka, gari linabaki bandani limefunguka tumbo mpaka kuku wanataga ndani. Kwa hiyo nilinunua kabla: karatasi ya gasketi ya kukata wenyewe, washa za shaba za kila kipimo kwa ajili ya mabomba ya breki na ya dizeli, pini za kukunja nyingi, kwa sababu pini iliyokunjuliwa hairudiwi kamwe, klipu za mipira ya maji, spring washa, ribiti za aluminiamu, msasa wa mkavu na wa maji, brashi za waya, grisi, mafuta ya breki. Mabati ya aluminiamu hayapendi bolti ya chuma igusane nayo, yanaota unga mweupe kama muhogo, kwa hiyo nilikata washa za mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu za baiskeli. Bolti zenye kutu nilizilaza kwenye mafuta ya taa. Halafu nikachukua katoni, nikachora juu yake umbo la injini, na kila bolti iliyotoka Kulwa akaichomeka kwenye katoni mahali ilipotoka, na nati yake kichwani. Bolti na nati waliozeeka pamoja msiwatenganishe.

Zilikuwa siku nzuri zile. Upepo wa kiangazi unaingia, pamba zinapita juu ya malori barabarani, nyuzinyuzi nyeupe zinaelea mpaka mlangoni mwa stoo na mimi nazipiga kwa upepeo zisiingie. Kulwa anaimba chini ya gari. Mimi nasugua bolti kwa brashi, moja baada ya nyingine, na chini ya kutu inatokea rangi ya chuma ya zamani, ya buluu kidogo. Kuna saa niliona kama muda umesimama na sisi tumesahauliwa humo ndani, na sikutaka mtu atukumbuke.

Kisha Kulwa akatoka chini ya gari akiwa hana wimbo. "Mama Stoo," akasema, "hili gari lina matundu mengi kuliko bolti."

Nikainama. Kweli. Bampa lilikuwa limeshikwa na waya, karibu kila siti ilikosa miguu, mahali pa bolti nne pana mbili, na propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma, ilikuwa imelala chini kabisa, bolti zake hazipo hata moja. Na zote za ukoo wa inchi. Nikapiga simu Mwanza kwenye maduka makubwa ya spea. Mtu wa kwanza akanijibu, "Mama, hiyo bolti ya enzi ya nani?" Wa pili akaniahidi, akatuma kwa basi. Nikafungua kifurushi, nikafumba macho, nikapapasa. Milimita. Lo, nilitukana kidogo, Mungu anisamehe.

Nilirudi Kasoli kumuuliza Mayu Holo nani aliiba. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nani aibe? Aligawa mwenyewe." Gari liliposimama, akasema, watu waliendelea kuja kwa Bwana Shamba kama zamani. Mmoja plau lake limekatika bolti na mvua imeanza, mwingine mkokoteni wa ng'ombe umeachia ekseli. Mvua haingoji mtu aende Bariadi. Yeye anaingia bandani na spana, anatoka na bolti, anasema, "Itunze, ni ya Mabaka." Mayu Holo akainua kidole. "Hakusema chukua. Alisema itunze."

Mkiwa si wa huku hamtaelewa uzito wa neno hilo. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi haweki wote zizini kwake. Anampa rafiki awatunze. Rafiki anakamua, analimia, anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ana mwenyewe, na siku akirudishwa yule mtunzaji hupewa ndama wa shukrani. Hata mtoto mdogo anajua. Nikarudi karakana, nikajaza kikapu bolti mpya, nati na washa, nikaenda kuzunguka Kasoli.

Mji wa kwanza, yaani boma la kwanza, nilimkuta mzee anafunga kamba za mkokoteni. "Mwadila, baba." "Mwadila, mayu." "Nimefuata bolti ya Bwana Shamba." Hakuuliza ipi, hakuuliza mimi nani hasa. Alisema, "Ipo. Inakula vizuri," akalala chali chini ya mkokoteni wake, akaifungua. Ilikuwa imepakwa grisi! Nikampa mpya ya kipimo kinachoingia. Akaiweka, akajipangusa, akaninyooshea kiganja. "Na ndama wangu?"

Nikachakura kikapuni. Kisha nikampa washa mbili na nati ya akiba. Akazitazama, akaridhika. "Wabeja," akasema, ahsante.

Ikawa hivyo mji kwa mji. Nyingine ilikuwa kwenye bawaba ya mlango wa kanisa, nyingine imeshika kitanda. Mama mmoja alikuwa anapondea karanga kwa moja kubwa na hakutaka kuitoa mpaka nimtafutie jiwe zuri. Kila mmoja alinidai ndama, na wengine walikagua ndama kama mnadani: huyu mdogo sana, huyu ana kutu. Nilikuwa narudi Bariadi jioni kikapu kizito, miguu ina vumbi hadi magotini, na ndani ya basi nikisinzia nasikia zinagongana taratibu. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Sijui niielezeje vinginevyo.

Injini ikawaka. Breki zikashika. Siti zikasimama. Ikabaki propela, na kwenye propela ikabaki bolti moja. Lori la chuma chakavu lilikuwa limeshafika Maswa, Masanja akatutumia ujumbe, likitoka huko linakuja.

Kulwa alijaribu. Milimita nane inacheza ndani ya tundu, milimita kumi haiingii. "Tutoboe," akasema. "Tundu moja tu, tulipanue, tuweke kumi." Na si kwamba alikuwa mjinga, kwa gari la shamba ningemruhusu. Lakini ile shafti inazunguka chini ya miguu ya dereva. Bolti moja ikizidi wenzake uzito, au ikikatika, mwisho wa mbele unashuka, unachoma barabara, gari linapanda juu yake. Nilimwambia, "Kulwa, tunampelekea yule mama sauti, hatumpelekei maiti nyingine." Akaiweka drili chini.

Mayu Holo alikumbuka kwamba bolti kama hiyo ilikwenda na Mzee Limbu, aliyehama na mifugo yake kwenda Mwandoya. Nikapanda basi asubuhi. Nilimkuta nje kidogo ya senta, mtu mrefu, mkavu, mwenye fimbo, plau lake limening'inizwa kwenye mti kusubiri mvua. Na bolti ipo, naiona kwa macho yangu, inang'aa. Nikamwamkia, nikatoa mpya, nikatoa na ndama watatu kabisa, washa mpya zinanukia.

Akatikisa kichwa. "Siwezi kukupa."

"Baba, gari linasubiri hii tu. Lori linakuja kulichukua."

"Wewe ni nani kwa Bwana Shamba?"

"Mimi ni wa stoo."

"Ng'ombe wa mtu harudishwi kwa mtu wa njiani," akasema, bila ukali. "Alinipa kwa mkono wake mlangoni kwake, na mke wake anaona. Nitairudisha mlangoni kwake, na mke wake anaona."

"Mke wake haoni sasa, baba."

Akaifungua bolti kwenye plau. "Basi atashika," akasema, akaenda kutafuta viatu.

Tulisafiri naye mpaka Kasoli, bolti ameifunga kwenye leso, leso ndani ya mfuko wa shati, mkono juu ya mfuko safari nzima. Mimi moyoni nalia na lori, yeye anatazama dirishani akinionyesha mashamba ya watu aliochunga nao. Tulipofika, Masanja alikuwa uani anaongea na simu, anamwelekeza mtu njia. Mzee Limbu alimpita kama hamwoni, akaenda kuinama mbele ya kigoda cha Mayu Holo. "Mwadila, mayu. Mimi Limbu. Nilipewa, nilitunza, nimerudisha." Akaweka bolti kiganjani mwake.

Mayu Holo aliipapasa polepole, kichwa hadi mwisho wa uzi, kama nilivyofundishwa mimi. "Haijaliwa hata jino moja," akasema. Machozi yakamshuka na hakuyafuta. Kisha akaita, "Masanja! Mtu amerudisha ng'ombe wa baba yako. Kamata kuku."

Masanja alitaka kusema kitu, simu bado sikioni. Alimtazama mama yake, akamtazama yule mzee aliyetoka Mwandoya kwa ajili ya bolti moja, akaiweka simu mfukoni. Nilimwona tajiri wa nafaka anakimbiza kuku uani na viatu vyake vya kung'aa, anateleza, anaamka, na Mzee Limbu anamwelekeza kwa fimbo: "Huyo hapana, yule mwekundu!" Nilicheka nikasahau lori. Alipomkabidhi kuku alikuwa anahema. Mzee Limbu akamshika bega na kumwambia, "Baba yako alikuwa anakuketisha mapajani kwake, unashika usukani. Ulikuwa unapiga honi mpaka ng'ombe wangu wanakimbia." Nilipoinuka kwenda Bariadi na bolti, alisema anakuja nami.

Kulwa aliifunga bila kuimba. Aliikaza kwa mkono kwanza, mizunguko yote, laini, hakuna kugoma, ndipo akaweka spana. Alipotoka chini akampa Masanja ufunguo. "Mimi nitakaa pembeni. Gari ni la kwenu." Masanja akasema hajaendesha gari la namna hiyo tangu utoto. Kulwa akamwambia gia ni zilezile.

Mimi nilitangulia kwa bodaboda. Niliona mtu lazima awe karibu na yule mama, kwa vyovyote itakavyokuwa. Jua lilikuwa linaelekea kuchwa, uani kumefagiliwa, moshi wa jirani umelala chini chini juu ya mashamba yaliyovunwa. Nikakaa chini kando ya kigoda. Kwa mbali lilipita lori la pamba. "Hilo siyo," akasema. Ikapita pikipiki. Likapita basi. Kisha kimya, kimya kirefu kile cha jioni, mpaka nikaanza kusikia damu masikioni mwangu, nikawaza propela, nikawaza zile bolti zote zilizolala kwenye mikokoteni na vitanda, sasa zinatetemeka pamoja barabarani.

Mimi sikuwa nimesikia kitu bado alipoinua kichwa. "Linashuka korongoni," akasema. Ndipo nikasikia, mngurumo wa chini, wa taratibu. Akakunja uso. "Anabadilisha gia mapema mno. Baba yake alikuwa anangoja." Akainuka bila kuomba mkono wangu, akaupapasa ukuta, akaingia jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amebandika sufuria kubwa, anamimina maji kutoka kwenye mtungi, anachochea kuni.

"Mayu, unafanya nini?"

"Maji ya kuoga. Likishuka korongo nabandika. Akifika yamepata moto."

Nilishikwa na hofu, nikadhani akili imemrudisha nyuma. Nikaanza kumwambia pole pole, mayu, baba yule… Akanikatiza. "Ng'wanone, najua nilikomzika. Lakini aliyekuja na gari amekula vumbi."

Mabaka likaingia uani. Lilizimwa. Masanja hakushuka. Alikaa nyuma ya usukani, mikono juu yake, anatazama mbele kwenye banda tupu. Kulwa alishuka upande wa pili, akasimama mbali kwa heshima.

"Masanja," mama yake akaita kutoka jikoni, kwa sauti ya kila siku tu. "Maji yako tayari."

Akashuka. Akavua shati, akaliacha kwenye siti na simu yake ndani, akachukua ndoo mikononi mwa mama yake, akaenda nayo bafuni, pale nyuma kwenye uzio wa mabati. Tukasikia maji yakimwagika mara moja. Baadaye hatukusikia maji. Tulimsikia mtu mzima analia, kwa sauti, bila kujizuia.

Ndani ya gari simu ikaanza kuita. Kulwa akachungulia, akasema ni yule wa chuma chakavu, yuko barabara kuu, akaichukua ampelekee.

Mayu Holo akaongeza kuni motoni.

"Mwache mwanangu aoge," akasema.